Mwavuli wa Nani

Lifti ilijaa hadi mlango ukakataa kufunga. Sinema ya mchana ilikuwa imeisha muda huo huo huko ghorofa ya juu kabisa, na ukumbi mzima ulikuwa umeamua kushuka kwa pamoja, utadhani jengo linawaka moto. Bi Nta alibanwa kwenye kona, mkoba kifuani, pua yake karibu iguse mgongo wa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe. Shati lilinukia sabuni na, kwa mbali, grisi.

"Mtu mmoja atoke," mwenye shati alisema bila kugeuka. "Imezidiwa. Haiendi hata mkiiombea dua."

"Toka wewe basi," alijibu mwanamke aliyekuwa ubavuni mwake, kitambaa cha njano kichwani na hereni kubwa kama bangili. "Si ndugu zako hizi lifti?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja alitoka akinung'unika, mlango ukafunga, lifti ikaanza kushuka. Hapo hapo wale wawili wakaendelea na ubishi ambao bila shaka waliuanza tangu kwenye viti.

"Mwavuli ni wa mume," alisema mwenye shati. "Amerudi. Yuko chumbani anabadilisha nguo."

"Ni wa mwizi," alisema mwenye kitambaa cha njano.

"Mwizi gani anaufungua mwavuli kwanza ukauke ndipo aibe?"

"Mwizi mwenye malezi."

Sinema yenyewe ilikuwa ya mwanamke mshonaji. Mumewe, dereva wa lori, aliondoka asubuhi moja yenye mvua na hakuonekana tena. Sinema nzima mwanamke anashona, anangoja, anaulizwa na watu, anajibu, ananyamaza. Mwishoni anarudi kutoka sokoni amelowa chapachapa, anafungua mlango wa nyumba yake, na pale kwenye ujia, sakafuni, kuna mwavuli mweusi umefunguliwa, ncha zake zinadondosha maji. Mwanamke anautazama. Anafunga mlango nyuma yake. Majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Bi Nta hakuwa mtu wa kuongea na asiowajua, na mwaka ule hakuwa akiongea sana hata na anaowajua. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake.

"Ni wa jirani," alisema.

Mwenye shati akageuka, kwa taabu, akamkanyaga mtu, akaomba radhi, akamtazama. Alikuwa na uso mpana wa mtu anayecheka upesi, na meno mazuri. Bi Nta aliyaona meno kabla ya macho. Ndiyo kazi yake.

"Jirani?"

"Jirani ana ufunguo. Wametuonyesha mara mbili akiingia kumwagilia maua. Mvua imemkuta, ameingia, ameacha mwavuli ukauke, ametokea mlango wa nyuma."

"Katika mvua yote ile atoke bila mwavuli wake?"

"Anakaa mlango wa pili."

"Dada yangu," alisema yule mwanamume, na lifti nzima sasa ilikuwa inamsikiliza, "wewe una roho ngumu. Mtu amemngoja mumewe sinema nzima, unamletea jirani?"

"Sikumletea mimi," alisema Bi Nta.

Mlango ukafunguka chini, umati ukamwagika. Pale nje ya lifti, katikati ya watu waliokuwa wakitafutana na kuitana, mwenye shati alisimama akamngoja. "Hapa hatumalizi," alisema. "Kuna mkahawa hapo kona. Kikombe kimoja cha chai, unieleze huyo jirani wako vizuri."

Mwenye kitambaa cha njano aliwatazama wote wawili, akacheka kwa pua. "Mimi nina watoto nyumbani," alisema. "Huyu ni mdogo wangu, dada. Hana ubaya wowote ila mdomo." Akaondoka, hereni zikicheza.

Bi Nta angeweza kukataa. Alitafuta sababu ya kukataa hakuipata, akatafuta ya kukubali hakuipata pia, akamfuata.

Alikuwa hivyo tangu mama yake afariki. Hakulia msibani. Hakulia baada ya msiba. Mama mdogo wake alimtazama siku ile akamnong'oneza mtu, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Hata hilo halikumchoma. Alikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi, kisha daktari akatoka nje kupokea simu na asirudi. Alikwenda kazini, alirudi, alikula, alilala. Jumamosi mchana alikwenda sinema, kwa kuwa kule mtu anaweza kukaa na watu wengi bila kuulizwa hali yake.

Chai ililetwa. Mwanamume alijieleza bila kuombwa: yeye ni fundi wa lifti, na wenzake wanamwita Ghorofa kwa sababu kila akipigiwa simu swali lake la kwanza ni "ghorofa ya ngapi?" Bi Nta alisema yeye anatengeneza meno ya bandia, kwenye maabara nyuma ya kliniki, na kwamba jina la Bi Nta alipewa na daktari kwa sababu anashinda na nta ya rangi ya waridi mikononi, akichonga fizi za meno hayo.

"Kwa hiyo na wewe ni fundi," alisema Ghorofa.

"Na mimi fundi."

"Haya, fundi. Mpini wa ule mwavuli uliuona? Ulikuwa wa mti, umepinda. Mwanzo wa sinema mume anatoka na mwavuli wenye mpini wa mti uliopinda."

"Mpini sikuuona."

"Basi turudi Jumamosi ijayo tukauangalie."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Bi Nta akasema sawa.

Wiki ile simu yake, ambayo ilikuwa imezoea kulala, ilianza kuamka.

"Haloo, mrembo."

"Haloo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Mungu wangu. Hivi wewe maneno unapimiwa na daktari?"

"Nipo kazini, fundi. Nina mdomo wa mtu mkononi."

"Mdomo wa mtu unashika, na mwenzio hata mkono hujanipa nishike."

Hakucheka, ila alijikuta amesimama na kisu cha nta hewani, taa ya spiriti ikiwaka bure. Alipokata simu ilibidi nta aiyeyushe upya.

Jumamosi walirudi. Ghorofa alivaa shati jeupe, Bi Nta gauni lake la kijivu la siku zote na sweta nyeusi. Walikaa safu ya mbele kabisa, shingo juu kama watu wanaonyolewa. Ilipofika mwisho Ghorofa alimshika mkono bila kujua amemshika. Mlango ukafunguka, mwavuli ukaonekana, maji yakadondoka. Mpini ulikuwa umejificha nyuma ya kigoda cha viatu. Ulionekana ukanda mwembamba tu wa kivuli, na kivuli hakina mti wala plastiki.

"Wametufanyia makusudi!" Ghorofa alisema kwa sauti, na mtu nyuma akamnyamazisha.

Walipotoka nje, jua lilikuwa kali, wauza maji wakipita kati ya magari. Ghorofa bado alikuwa na hasira ya kweli.

"Aliyeitengeneza aliogopa," alisema. "Angetuambia tu. Amerudi au hakurudi."

"Labda hakujua mwenyewe."

"Amerudi, mimi nakuambia. Watu hurudi. Huwajui watu." Alisema bila furaha hata kidogo, kama mtu anayesoma habari mbaya.

Bi Nta aliliona hilo, akaliacha lipite. Zamani angeuliza.

Basi wakawa wanaonana. Ghorofa alimpigia simu akiwa juu ya paa za watu, upepo ukivuma kwenye simu, akiwa ndani ya mashimo ya lifti, sauti ikirudi mara mbili. Alimpa majina: fundi wangu, malkia wa meno, mama wa maneno machache. Alimwambia lifti ya kliniki ya macho inagoma kila Jumatatu kama mtumishi. Alimchukua wakatembea kwenye bustani ya mji, wakakaa kwenye benchi, akamuuliza meno yake yeye yana rangi gani kitaalamu, na Bi Nta akajibu papo hapo, kwa sababu alikuwa ameshayalinganisha kichwani na vipande vyote vya kipimo cha rangi siku ile ya kwanza kwenye chai. Ghorofa alicheka mpaka watu wakageuka.

Ikitokea jioni imefika simu haijalia, Bi Nta aliichukua akaangalia kama sauti haijazimwa. Hakuyaita mapenzi. Aliita kuangalia simu.

Jumapili moja akamwalika nyumbani. Alipika wali na kuku, akapiga pasi gauni la kijani ambalo lilikuwa limekaa kabatini tangu zamani, akalivaa likampwaya kidogo kiunoni. Ghorofa alikuja na tikiti maji kubwa amelikumbatia kama mtoto, viatu vinang'aa, manukato yametangulia mlangoni.

"Umependeza," alisema. "Umependeza mpaka nimesahau salamu."

"Karibu ndani."

"Subiri kwanza. Nataka kukuambia jambo nikiwa bado nina ujasiri. Na naomba usinijibu 'sawa'."

"Sawa."

Ghorofa akaangua kicheko, na hata Bi Nta midomo ikamcheza. Ghorofa akaweka tikiti mezani.

"Nakupenda," alisema.

Bi Nta alitafuta ndani yake, jinsi mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba: akapekua huku, akapekua kule. Alijua palikuwa na mahali pa kitu hicho. Mahali palikuwepo, kitu hakikuwepo. Hakutaka kumdanganya.

"Nimesikia," alisema.

Ghorofa akatikisa kichwa taratibu. "Umesikia," alisema. "Si haba." Akacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi. "Ngoja nikanawe mikono."

Alikaa bafuni muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alikaa, akala kidogo, akasifia kuku, akatazama mlango wa chumba cha kulala, akatazama sahani yake.

"Hapa unaishi peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Wali ulikuwa bado unatoa moshi Ghorofa alipokumbuka kwamba kuna lifti ya hospitali amepigiwa. Simu haikuwa imelia; Bi Nta alikuwa amekaa karibu nayo. Alimsindikiza mpaka ngazini. Ghorofa alimpa mkono, mkono tu, kama watu waliokutana ofisini.

Wiki iliyofuata simu zikapungua. Kisha zikaja zile fupi: habari, nzuri, kazi, kazi tu. Kisha zikaisha. Tikiti maji lilikaa mezani mpaka likaanza kutoa maji chini, akalibeba akalitupa, akafuta meza.

Alijua sababu, au aliamini anaijua. Mtu amekupa neno kubwa kama lile, wewe umempa "nimesikia." Nani angebaki? Hakumlaumu, wala hakujilaumu. Alikwenda kazini, alirudi, alikula, alilala. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba jioni bado alikuwa anaiangalia simu kama sauti haijazimwa, na sauti ilikuwa haijazimwa.

Ndipo siku moja, kabla ya chakula cha mchana, mlango wa maabara ukafunguliwa bila hodi, zikaingia hereni kwanza, kisha kitambaa, siku hiyo chekundu.

"Hii ndiyo maabara?" alisema dada yake Ghorofa, akitazama taya za plasta zilizopangwa rafuni, zote zimekenua. "Yarabi. Unafanya kazi huku zote hizi zinakucheka?"

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitasema kwa adabu, na leo sina muda wa adabu. Nina swali moja tu. Una mume?"

Bi Nta aliweka kisu cha nta chini. "Sina."

"Mzee yeyote? Bwana? Mtu anayekuja akaondoka?"

"Sina mtu yeyote."

"Basi yale meno ni ya nani?"

"Meno gani?"

"Meno, mama! Bafuni kwako. Kwenye glasi. Mdogo wangu alikwenda kunawa mikono akakutana nayo uso kwa uso. Juu na chini. Nikamwambia, mjinga wewe, si ndiyo kazi yake, mtu hulala na kazi yake. Akaniambia kazi haiwekwi bafuni, tena maji yalikuwa safi, ya asubuhi ile ile, hata viputo havijaisha kwenye glasi. Amekonda. Hali chakula. Anakwenda kazini anarudi anaangalia ukuta." Akavuta pumzi. "Unakumbuka ule mwavuli wa sinema? Wewe uliona jirani, mimi niliona mwizi, yeye aliona mume. Huyo ndiye yeye. Mpe kijiko kilichosahauliwa, ataona mume. Ana kidonda chake, atakuambia mwenyewe akitaka. Mimi nataka kujua tu: nimwambie akusahau, au nimwambie aache ujinga?"

Bi Nta alizima taa ya spiriti. Glasi ile. Kila asubuhi aliishika kwa mikono miwili, akamwaga, akasuuza, akajaza, na hakuwa anaiona tena, kama mtu asivyouona mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hata siku ya mgeni hakufikiria kuiondoa.

"Nitamwambia mimi," alisema akivua aproni. "Leo yuko wapi?"

Jengo lilikuwa la maofisi, refu, la vioo. Chini palikuwa na kundi la watu wamesimama mbele ya milango ya lifti, wenye mafaili, wenye watoto, wote wakilalamika kwa zamu. Mlinzi alimwona anakaribia akainua mkono.

"Mbovu, dada. Fundi yuko juu. Panda ngazi au ngoja."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa. Chumba cha mashine, kwenye paa. Lakini huwezi—"

Alikuwa ameshaanza kupanda.

Mwanzo alipanda kama mtu mwenye safari. Baadaye akapanda akishika chuma cha pembeni. Alivua sweta akaifunga kiunoni. Watu waliokuwa wanashuka walimpisha, mmoja akamwuliza kama yuko salama, akajibu kwa mkono. Kisigino cha kushoto kikachubuka ndani ya kiatu. Alipofika kwenye kimlango cha chuma alikuwa amelowa jasho, na alibisha kwa kiganja kwa sababu ngumi ilikuwa imemshinda.

Ghorofa alifungua, ovaroli imejaa mafuta, taa imefungwa kichwani. Alimtazama kama mtu anayetazama namba ya simu asiyoijua.

"Umepanda kwa ngazi?"

Bi Nta aliinua kidole, angoje. Alivuta hewa. Alivuta tena.

"Lifti... mbovu," alisema. "Fundi wake... mzembe."

Ghorofa alitaka kucheka akajizuia. Akageuza ndoo, akaipangusa kwa kitambaa, akampa maji kwenye chupa. Nyuma yake lilikuwa gurudumu kubwa lenye kamba za chuma, limesimama, na kwenye kidirisha mji wote ulionekana chini, magari madogo madogo.

"Kaa kwanza upumue."

Alikaa. Alikunywa. Kisha akasema, bila kumtazama, kwa sauti ile yake isiyopanda wala kushuka:

"Ni ya mama."

"Nini?"

"Meno. Dada yako amenifuata kazini. Ni ya mama yangu."

"Uliniambia mama yako alifariki."

"Ndiyo." Alizungusha kifuniko cha chupa. "Niliyatengeneza mwenyewe. Seti ya kwanza ilimkataa, ya pili ikamuumiza, ya tatu ikakaa. Alipoivaa alijitazama kwenye kioo akasema sasa anaweza kumtukana mtu na tusi likasikika vizuri. Siku alipozidiwa hospitalini waliyatoa, wakayatia kwenye mfuko, wakauweka mahali. Tukamzika. Tumerudi nyumbani, watu wanakula, ndipo nikakumbuka. Kesho yake muuguzi akayaleta, akanipa mkononi, akasema pole. Mama amelala bila meno. Mama yangu mimi. Nimewapa nusu ya mji huu meno."

Chini kabisa mtu alikuwa anapiga mlango wa lifti kwa kiganja. Ghorofa hakusogea.

"Na maji?" aliuliza taratibu. "Kwa nini unabadilisha maji?"

"Meno ya bandia yakikauka yanapinda," alisema Bi Nta.

Ghorofa alizima taa ya kichwani. Alichuchumaa mbele yake, mgongo ukiegemea sanduku la swichi.

"Nilikuwa na mtu," alisema. "Aliniambia mumewe ameondoka miaka mingi, hajulikani aliko. Nilimwamini, na hakuwa ananidanganya, ndilo jambo lenyewe. Siku moja nikaenda kwake nikakuta viatu mlangoni. Vya kiume, vina vumbi. Nikaingia nikamkuta mwenye viatu anakunywa chai. Akanikaribisha. Akanivutia kiti." Alijipangusa uso kwa mkono mchafu. "Tangu siku hiyo mimi kila kitu naona mtu amerudi. Niliona yale meno nikasema, haya, na huyu wake kazeeka."

Bi Nta alitoa sauti fupi puani. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa jirani yake.

"Samahani," alisema Ghorofa. "Ningeuliza tu. Swali moja."

"Na mimi ningeuliza. Nilijua umeondoka kwa sababu ya 'nimesikia'."

"Hiyo nayo iliuma."

"Najua." Aliiweka chupa chini. "Sikiliza, fundi. Sisikii kitu. Si kwako tu. Siku ile uliposema, nilitafuta, nikapekua kote, sikupata. Hata njaa siisikii, nakula kwa saa. Sitaki kukudanganya ukadhani nimefubaa tu, ukinisugua nitang'aa. Sijui kitarudi lini. Lakini simu yako isipolia naangalia kama imezimwa. Na siku nikianza kusikia, najua patauma sana, na siku hiyo sitaki iwe niko peke yangu. Nataka uwe hapo."

"Na usipoanza?"

"Basi utakuwa umeoa mtu wa 'sawa'."

Ghorofa aliinua kichwa. "Nani amesema kuoa?"

"Mimi."

Palepale simu ikalia ndani ya ovaroli. Ghorofa aliitoa kwa vidole viwili ili asiipake mafuta, akaitazama, akaitazama tena. Sauti ya dada yake ilisikika hata kabla hajaiweka sikioni.

"Amefika? Amekuambia? We mtoto, nijibu! Uko na nani hapo?"

Ghorofa alimtazama Bi Nta, macho yamejaa. Bi Nta alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Haloo, wifi," alisema.

Upande wa pili hereni zilisikika zikigonga simu.

"Umeniitaje?"

"Wifi."

"Rudia."

"Wifi. Sasa kata simu, mdogo wako ana kazi, watu wamejaa chini."

Kelele iliyotoka kwenye simu ilibidi aishike mbali na sikio. Aliikata, akaiweka juu ya sanduku la swichi. Ghorofa alikuwa amegeukia mashine, akijifanya anatafuta spana, huku akifuta macho kwa kile kile kitambaa cha grisi, na kila akifuta alizidi kujipaka.

"Geuka," alisema Bi Nta.

Aligeuka. Shavu zima lilikuwa jeusi. Bi Nta alisimama, akatoa leso kwenye mkoba, akailowanisha kwa maji ya chupa, akaanza kumfuta, polepole, kwa mkono wa mtu aliyezoea nyuso za watu. Ghorofa alisimama kama mtoto anayeoshwa. Hapakuja kitu kikubwa. Hapakuwa na moyo kwenda mbio. Leso ilipochafuka yote aliiacha, akamalizia kwa kidole, na chini ya kidole alisikia kwamba shavu lilikuwa na joto.